Tuwaandike Waliofyatua Matofali

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule ya sekondari ya kata huko Kwaluguru, wilayani Handeni.



Nimetakiwa niseme machache juu ya historia ya shule. Mtu akitajiwa maneno hayo, fikira zake hukimbilia shule kongwe: Tanga, Minaki, Pugu, Tabora. Hizo zina majengo ya mawe, zina vikombe kabatini, na zina orodha ndefu ya mawaziri na majaji waliopata kukaa katika madawati yake. Sekondari ya kata haina hayo. Madarasa yake yamejengwa moja moja kwa miaka mbalimbali, kila moja na rangi yake na bati lake. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumejizoesha kudhani kuwa shule ya namna hii haina historia, ina tarehe ya kufunguliwa tu iliyochorwa ukutani. Dhana hiyo si ya kweli, na nataka kuonyesha kwamba inatutia hasara, kwa kuwa asiyejua nani alijenga shule hawezi kujua nani ana haki ya kuuliza habari zake, wala hajui kazi ilikomea wapi.

Hapana budi nianzie mbali kidogo.

Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati ule ule ilipokuwa ikianza kutandika reli kutoka pwani kwenda bara. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Shule na reli vilikuwa na bwana mmoja na shabaha moja. Reli ilipeleka katani bandarini. Shule ilitoa makarani wa kuihesabu katani hiyo, wakalimani, na maakida wa kukusanya kodi. Mtoto wa Kizigua aliyepata kusoma huko hakusomeshwa ili arudi Handeni kuwasaidia wazee wake kupambana na ukame. Alisomeshwa ili amsaidie mtawala kuwatawala wazee hao.

Upande wa pili walikuwako wamisionari wa UMCA. Walifika Magila, nchi ya Wabondei, mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadaye wakaja Korogwe, Kideleko na Kwamkono. Wao walifundisha kusoma na kuandika, na haki yao hatuwanyimi. Lakini Uzigua ni nchi ya Waislamu wengi, na wazazi wengi waliona kwamba kumpeleka mtoto darasani ni kumpeleka kanisani. Wakachagua chuo cha Kurani na jembe. Aliyebahatika kuvuka elimu ya mwanzo akitaka kuendelea, njia yake ilimtoa kabisa katika nchi hii. Alikwenda Kiungani kule Unguja, na baada ya miaka ya 1920 alikwenda Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Jambo moja katika habari hizo naomba mlishike, kwa maana nitalirudia. Mkoloni na mmisionari, pamoja na makosa yao yote, walijua kuwa mtoto wa mbali hawezi kusoma asipopewa mahali pa kulala. Shule zao za juu zilikuwa na mabweni. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Kwao bweni lilikuwa chombo cha kumgeuza mtoto asifanane tena na kwao. Hata hivyo kitanda kilikuwapo.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na wanafunzi wa sekondari 11,832, na katika hao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Leo idadi hiyo ya watu 176 haijazi madarasa manne. Mwalimu Nyerere alizitaja hesabu hizo katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, akaonyesha kuwa katika miaka sita wanafunzi wa sekondari wamefika 25,000 na wale wa kidato cha sita 830. Wengine wangejivuna na kunyamaza. Yeye aliuliza swali zito zaidi: shule ya msingi inamfundisha nini mtoto yule ambaye hatapata nafasi ya kwenda mbele, naye ndiye sehemu kubwa ya watoto wote?

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na hapo mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo wakakaa dawati moja bila mzazi kuulizwa dini yake. Halafu likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Wakati huo huo wananchi wa Handeni, kama wenzao wa mikoa mingi, walikuwa wakihamia katika vijiji. Uhamiaji ule ulikuwa na machungu yake, na wazee waliomo humu ndani hawahitaji kusimuliwa na mimi. Lakini palipokuwa na kijiji palipatikana shule ya msingi, na mtoto ambaye babu yake hakupata kushika kalamu alisoma hadi darasa la saba.

Hapo ndipo ulipokuwa mpaka. Sekondari za Serikali zilikuwa chache, tena za bweni na za taifa zima, kwa kuwa siasa yetu ilitaka kijana wa Tanga akae bweni moja na kijana wa Mara na wa Mtwara. Siasa hiyo ilijenga taifa, nami siwezi kuibeza. Lakini matokeo yake kwa vijiji vyetu yalikuwa kwamba darasa zima la watoto lilimaliza shule ya msingi bila hata mmoja kuchaguliwa. Watoto walioanza darasa la kwanza katika wimbi la 1977 walimaliza katikati ya miaka ya 1980 na kukuta mlango umefungwa. Jumuiya ya Wazazi ya Chama ilijitahidi kufungua sekondari zake sehemu mbalimbali nchini, na juhudi ile istahili kukumbukwa kwa heshima. Haikutosha. Kwa miaka mingine ishirini, neno sekondari katika kata nyingi za Handeni na Korogwe lilikuwa na maana ya safari.

Sasa nafika katika sura ambayo kwa maoni yangu ndiyo historia yenyewe.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004. Mwaka 2006, baada ya kuonekana kuwa maelfu ya watoto waliofaulu darasa la saba hawana pa kwenda, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Edward Lowassa, aliongoza kampeni ya kuhakikisha kila kata inapata sekondari yake. Mwaka 2005 shule za sekondari za Serikali zilikuwa 1,202. Mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Sijui ni nchi ngapi duniani zimepata kuzidisha shule zake namna hiyo katika miaka mitano, na ambazo si tajiri.

Hesabu hizo zimo katika vitabu vya Wizara. Kisichomo ni namna zilivyopatikana. Shule zile hazikujengwa na makandarasi. Zilianza na mwananchi aliyekubali kuacha shamba lake. Zikafuata na vijana waliochimba udongo, wakaukanda kwa miguu, wakaujaza katika kalibu tofali moja moja, wakaanika, wakapanga tanuri na kukesha wakichochea moto. Zikafuata na kina mama. Nataka niseme waziwazi juu ya kina mama, maana katika taarifa za miradi hupewa mstari mmoja wa mwisho, kwamba nao walishiriki. Hii ni nchi kavu. Tofali haliumbwi bila maji, na maji hayo hayakuja kwa bomba. Yaliteremkiwa kwenye lambo au kisima na kupandishwa kichwani, ndoo baada ya ndoo, na yule aliyeyabeba alikuwa bado hajateka ya kupikia nyumbani kwake. Wangepigwa hesabu kwa ujira wa kibarua, kina mama wangeonekana kuwa ndio wafadhili wakubwa wa elimu ya sekondari katika Tanzania ya karne hii.

Wala tusiipambe historia hii hata ikapoteza ukweli wake. Haikuwa yote hiari. Zipo sehemu za nchi ambako mchango ulikusanywa na mgambo, na asiyekuwa na fedha alitolewa kuku au mbuzi. Zipo fedha zilizochangwa zikayeyuka kabla ya kugeuka saruji. Kiongozi anayedhani kwamba mambo hayo yamesahauliwa, na aitishe mchango mwingine leo aone sura za watu.

Tena jengo lilipokamilika, shule ilikuwa bado. Walimu hawakuwapo. Serikali ililazimika kuwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, kuwapa mafunzo ya muda mfupi na kuwapeleka madarasani. Watu wakawacheka na kuwaita majina ya kejeli. Mimi sikuwacheka. Kijana wa miaka ishirini aliyekubali kwenda kufundisha hesabu katika kata isiyo na umeme, akilala katika chumba cha kuazima, alikuwa amebeba mzigo ambao wengi wa waliomcheka wasingeuinua. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, na takriban watahiniwa 6 katika kila 10 kuonekana wamepata sifuri, hata baada ya hesabu zile kupitiwa upya aibu ilibaki, nayo ilirundikwa juu ya shule hizi za kata. Zikatungiwa utani. Ilisahaulika kwamba mtoto aliyefeli katika sekondari isiyo na mwalimu wa fizikia ni yule yule ambaye miaka kumi nyuma asingepewa hata nafasi ya kufeli.

Baada ya hapo yamefanyika mengi, nami nayapitia kwa haraka kwa kuwa mnayaona kwa macho. Agizo la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu liliwarudisha wananchi kwenye matofali mwaka 2014 na 2015. Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa ilifutwa. Mwaka 2021 Serikali ilitumia fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini, na kati yake 12,000 yalikuwa ya sekondari. Mwanafunzi wa leo hapigwi na mvua darasani. Hayo ni maendeleo, na mwenye kuyakana ana lake jambo.

Je, kazi ilikomea wapi?

Ilikomea njiani, ndugu zangu. Kata katika nchi hii ya Uzigua si mtaa wa mjini. Ni nchi pana. Vijiji vyake viko mbalimbali na vitongoji vyake vimejificha porini. Shule ikijengwa katikati, bado mtoto wa pembezoni ana mwendo wa kilomita nane au kumi, na jioni kilomita zile zile zinamngoja. Anatoka kabla ya alfajiri. Masika makorongo yanajaa, naye hubaki ng'ambo. Tuliposhusha sekondari kutoka taifa hadi kwenye kata, tuliiondolea bweni, kwa hoja kwamba sasa shule iko karibu. Iko karibu na ramani. Kwa mtoto wa kitongoji cha mwisho haiko karibu.

Mzazi akishindwa kuvumilia hali hiyo humpangia mtoto chumba karibu na shule. Watoto wenyewe wanakiita geto. Ni chumba chenye godoro, jiko la mkaa na debe la unga, na ndani yake mna mtoto wa miaka kumi na minne anayejitawala mwenyewe. Hakuna wa kumwambia zima taa ulale, wala wa kumwuliza ulikuwa wapi. Kwa mtoto wa kike hatari hiyo haihitaji maelezo marefu. Mtu mzima mwenye pikipiki humsubiri barabarani; mwingine humsubiri mlangoni akiwa na chipsi mkononi. Tangu 2016 sheria inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, na tangu Novemba 2021 Serikali imemfungulia binti aliyejifungua mlango wa kurudi darasani. Hatua zote mbili ni njema. Lakini moja huja baada ya msiba na nyingine huja kuokota vilivyobaki. Kinachotangulia msiba ni mahali pa kulala.

Na muda hauko upande wetu. Kwa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, na shule ya msingi itaishia darasa la sita. Kwa mpango huo, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Kila mahali najadiliwa nao habari ya madarasa na madawati. Sijasikia sana habari ya vitanda. Nawaulizeni wazazi: watoto hao wa mikondo miwili watakaotoka vitongojini, wote watapangiwa mageto?

Kwa hiyo natoa rai kwamba ujenzi unaofuata katika shule hii uwe hosteli, na uanze na ya wasichana. Najua neno mchango limechosha. Najua pia kwamba mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na ilifanya vizuri, kwani mwalimu aliyegeuzwa mkusanya kodi hawezi tena kuwa mwalimu. Basi jambo hili lisipitie kwa mwalimu. Lipelekwe katika mkutano mkuu wa kila kijiji, ambao kisheria unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, wananchi wenyewe waseme wataweza nini: nguvu kazi, mchanga, mawe, gunia la mahindi wakati wa mavuno kwa chakula cha watoto. Desturi tunayoijua ni kwamba wananchi husimamisha boma hadi linta na Halmashauri huezeka. Desturi hiyo iandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili kabla ya jiwe la kwanza, maana nchi hii ina maboma mengi yaliyoota miti ndani yakisubiri bati lililoahidiwa. Na hesabu zisomwe hadharani, shilingi kwa shilingi.

Hapa ndipo historia inapokuwa na kazi. Wananchi watakaposimama mbele ya Halmashauri kudai bati, wasiende kama waombaji. Waende na daftari. Daftari hilo lionyeshe kwamba kijiji fulani kilitoa ekari kadhaa, kitongoji fulani kilifyatua tanuri zima, kina mama fulani walibeba maji kiangazi kizima. Mtu mwenye kumbukumbu ya alichokitoa huzungumza kwa sauti nyingine.

Wala kuandika si ugeni katika mkoa huu. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilipigwa chapa Magila kuanzia mwaka 1895. Wakati huo vyama vingi vya watu duniani vilikuwa havijaandikiwa hata ukurasa mmoja kwa lugha yao. Zaidi ya hapo, wako ndugu zetu wa Chogo, humu humu Handeni. Wahenga wao walitoka nchi hii katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya watumwa, wakafikishwa Somalia. Walipopokelewa hapa kama wakimbizi, katika miaka ya 1990, walikuwa bado wanasema Kizigua. Karne na nusu, katika utumwa, katika ukoloni wa Mtaliano, katika vita, waliihifadhi lugha midomoni bila daftari. Sisi tuliokaa kwetu, tukiulizwa nani alitoa kiwanja cha shule iliyojengwa miaka ishirini tu iliyopita, twatazamana.

Hata majina ya nchi hii yanatusuta. Kwaluguru, Kwamkono, Kwamsisi, Kwachaga: mengi huanza na kwa, kana kwamba mababu walitaka kila mpita njia ajue mahali ni kwa nani. Kwenye shule zetu tumeandika jina la kata, na jina la kiongozi aliyekuja siku moja kukata utepe. Sina ugomvi na utepe. Ila mkono uliobeba ndoo nao una jina.

Ndugu Mwenyekiti, nimezungumza na Mkuu wa Shule, naye ameridhia daftari lifunguliwe leo. Limewekwa pale mezani, chini ya mwembe. Wanafunzi wa kidato cha tatu wenye mwandiko mzuri wataandika, wazazi mtasema. Semeni jina, kijiji, na kazi iliyofanyika: udongo, kuni, kiwanja, fedha, kupika uji wa mafundi. Waliofariki wasemewe na watoto wao. Mwenye malalamiko juu ya mchango wake uliopotea, na aandikwe pia, ukurasa wake upo. Ningeomba, kwa idhini yako, waanze kina mama waliobeba maji, na wale waliotoka vitongoji vya mbali watangulie mbele, kwa kuwa wana safari ya kurudi na jua linashuka.